Bustani ya chai ya Kijapani San Antonio: itamfaa mama mwenye magoti mabovu?

BintiMufindi
Habari za humu jamani. Mama yangu amekuja kunitembelea hapa San Antonio, Texas. Amechuma chai Mufindi miaka 29, na tangu asikie kuna "bustani ya chai" kule Brackenridge Park kila siku ananiuliza tunaenda lini. Tatizo ni magoti, ngazi zinamtesa. Kuna kiingilio? Na mle ndani kuna michai kweli, au nitamvunja moyo?

FundiWaPongwe
Dada, mpe mama shikamoo yangu. Kiingilio hakuna, ni bure kabisa. Ila mwambie mapema: hatakuta mchai hata mmoja. Chai ilikuwa ikiuzwa pale, haikulimwa.

Mimi ni mwashi, nimekulia Pongwe, Tanga, jirani na machimbo ya mawe ya chokaa. Siku ya kwanza niliposimama pale ukingoni nikatazama chini, nilijua papo hapo naangalia nini: machimbo. Mawe ya saruji yalichimbwa hapo tangu karne ya 19, kisha shimo likaachwa. Mnamo 1917 Ray Lambert, kamishna wa bustani za jiji, akaanza kuligeuza, na kazi ikafanywa na wafungwa. Wakajenga njia, madaraja ya mawe yenye upinde, na banda lililoezekwa majani ya mitende, kama makuti yetu. Mashimo niliyoyazoea mimi, mawe yakiisha hubaki dimbwi la mbu. Pale maji yanaporomoka mita 18 hivi kwenye ukuta uleule uliokatwa, na bwawani wanaogelea samaki wa rangi ya chungwa.

Ila msiingie kabla ya kusimama kwenye lango. Utaapa ni magogo, kumbe ni zege tupu. Alilifinyanga Dionicio Rodríguez, fundi mzaliwa wa Mexico. Nimepitisha kucha kwenye nguzo zake: kuna vifundo vya matawi yaliyokatwa, kuna mahali gome limebanduka na mti wa ndani unaonekana. Nimejaribu kuiga kwa mwiko na brashi ya waya, na najua jinsi muda ulivyo mfupi kabla zege halijagoma. Yule bwana namheshimu sana.

Halafu soma maandishi ya juu: Chinese Tea Garden. Hapo ndipo panaponiuma. Tangu 1926 aliishi hapo Kimi Eizo Jingu, msanii Mjapani, kwa mwaliko wa jiji lenyewe. Yeye na familia yake waliendesha Bamboo Room, mahali pa chai na chakula chepesi. Alifariki 1938, familia ikaendelea na kazi. Vita vya Marekani na Japani vilipoanza, mjane na watoto wakafukuzwa, bustani ikapachikwa jina la Kichina. Jina la Kijapani lilirudishwa 1984, watoto wa Jingu wakiwepo. Lango likaachwa na maneno yake, nami nashukuru, maana bila hayo nisingeuliza kitu. Msomee mama.

Kuhusu magoti: ngazi ni za mawe, hazilingani, na sehemu nyingi hazina pa kushika. Mketishe juu, kwenye nyumba ya Jingu, kuna mkahawa. Bwawa lote ataliona akiwa kitini.

MamaFuraha
Nendeni asubuhi, saa mbili hivi. Sisi tulimpeleka mama mkwe mwezi wa nane, saa nane mchana, mawe yamewaka kama tanuri, tukarudi baada ya dakika kumi. Jumamosi pia epukeni, maharusi wanapiga picha na njia zinaziba. Maji ya kunywa msisahau.

BintiMufindi
Asanteni sana. Tumekwenda leo, saa mbili na nusu. Mama alikaa juu kwa muda, kisha akasema hawezi kurudi Mufindi bila kuona samaki, tukashuka ngazi moja moja, mkono begani kwangu. Tulipofika langoni aliigonga nguzo kwa kifundo cha kidole, akaweka kiganja, akasema, "Mti hauwi baridi hivi." Nikamsomea maandishi na kumsimulia ya akina Jingu. Alinyamaza mpaka kwenye gari, ndipo akaniuliza wale watoto walipoalikwa 1984 walipitishwa lango hilihili au jingine. Kaka Fundi, unajua?