Novemba Ujerumani na Italia: tiketi za ligi kwa msafiri asiye mwanachama wa klabu

Kipenga_cha_Kwanza
Wakuu, habari. Novemba nitakuwa Ujerumani wiki moja, halafu Italia wiki moja, na nataka kuona mechi moja ya ligi kila nchi. Nitaongozana na mtoto wa miaka 10. Kama si mwanachama wa klabu, tiketi nanunua wapi? Hoteli nilipie sasa au nisubiri ratiba? Na getini wanakagua nini?

Raundi34
Mkuu, anza na kalenda. Katikati ya Novemba ligi kuu zote za Ulaya husimama wikendi moja kupisha timu za taifa. Wikendi hiyo ikiangukia kwenye wiki zako, sogeza safari.

Ratiba inayotoka kabla ya msimu hukupa raundi na wikendi tu. Siku na saa kamili hupangwa baadaye, kwa mafungu, kwa sababu ya televisheni na timu zinazocheza mashindano ya Ulaya katikati ya wiki. Mechi ya Bundesliga, ligi kuu ya Ujerumani, unayodhani ni ya Jumamosi inaweza kuwa Ijumaa usiku au Jumapili. Italia inaweza kusogea hadi Jumatatu. Kwa hiyo usihame mji Jumamosi, na hoteli chukua inayoruhusu kufuta bila faini.

Angalia pia saa. 20:45 kwenye tiketi ya Italia ni saa tatu kasorobo usiku. Mpira unaisha karibu saa tano kasoro dakika 20, na kufika kituoni katikati ya umati kunakula nusu saa nyingine. Jua treni ya mwisho inaondoka saa ngapi kabla hujanunua tiketi.

Beki_Tatu
Tiketi ni tovuti ya klabu yenyewe. Unafungua akaunti, wanachama wanauziwa kwanza, kinachobaki ndicho chetu. Kwa klabu kubwa mara nyingi hakibaki kitu, ila ndani ya tovuti hiyo hiyo huwa kuna soko rasmi ambako wenye tiketi za msimu wanaachia viti vyao. Vingi huonekana siku chache za mwisho. Shida yako ni kwamba unahitaji viti viwili vilivyo pamoja, na sokoni kule kinatoka kimoja kimoja. Kwa hilo ningechagua klabu ya katikati ya msimamo, au daraja la pili la Ujerumani, ambalo viwanja vyake vinajaa na kelele ni zile zile.

Walanguzi waepuke kabisa, hasa Italia. Kule tangu 2005 tiketi ina jina la mtu, na getini wanalilinganisha na pasipoti. Mtoto naye awe na tiketi yake yenye jina lake. Andika majina kama yalivyo kwenye pasipoti. Ukikosea, tafuta kwenye akaunti sehemu iliyoandikwa *cambio nominativo* na urekebishe mapema; baadhi ya tiketi za punguzo haziruhusu.

Geti_la_Kusini
Naongezea ya getini. Viwanja vingi vya Ujerumani vinakataa begi linalozidi ukubwa wa karatasi ya A4, kwa hiyo sanduku liache hotelini. Italia chupa ya maji inang'olewa kizibo, kwa sababu chupa iliyojaa na kufungwa ikirushwa inaumiza.

Tiketi ya simu ipakue ukiwa hotelini. Watu 50,000 wakikusanyika, mtandao unakwama mbele ya geti, na simu iliyozima chaji ni tiketi iliyopotea.

Ujerumani soma hivi: *Block* ni sehemu ya jukwaa, *Reihe* ni safu, *Platz* ni kiti. Ukiona *Stehplatz*, hiyo ni ya kusimama, haina namba ya kiti. Jukwaa la kusini la Dortmund linabeba karibu watu 25,000 waliosimama. Mtoto wa miaka 10 ataona migongo tu. *Gästeblock*, au *settore ospiti* kwa Italia, ni ya mashabiki wa ugenini, usiinunue.

Kipenga_cha_Kwanza
Asanteni sana wakuu. Jezi ya timu ngeni tukivaa kwenye viti vya kawaida?

Geti_la_Kusini
Hapana, hata skafu. Walinzi wanaweza kukuzuia mlangoni. Vaeni nguo zisizo na rangi za timu yoyote, skafu ya wenyeji mtanunua hapo hapo uwanjani.

Raundi34
Na kabla hujalipia basi au treni ya mjini, soma tiketi yako ya Ujerumani. Klabu nyingi zinajumlisha usafiri wa umma wa eneo hilo siku ya mechi, kwenda na kurudi.