Paneli za mwaloni kutoka Ufaransa: nikague nini kabla ya kulipa?

Swali: Wakuu, nauziwa paneli mbili za kuchonga, eti za enzi za Louis XV, mfalme wa Ufaransa wa karne ya 18. Zina rangi ya kijivu na vitundu vya wadudu. Nitajuaje kama ni za kale kweli?

FundiRanda: Geuza nyuma kwanza, mbele hudanganya. Randa ya mkono huacha mabonde unayoyasikia kwa vidole. Mistari ya nusu duara ni ya msumeno wa mviringo, yaani karne ya 19 au baadaye. Halafu pima jani lililochongwa kushoto na la kulia. Yakilingana kabisa, shuku mashine.

Bungo: Vitundu vyenyewe si kitu, shida ni unga mpya wa mbao unaotoka humo. Tandika karatasi nyeusi chini ya paneli wiki kadhaa. Unga ukidondoka, wadudu wangali hai. Mpe mtaalamu paneli azigandishe kwa baridi kali ili wadudu wafe, lakini si kama rangi inabanduka.

Msasa2: Jina langu lisikudanganye, usipige msasa! Rangi ya zamani mara nyingi ina madini ya risasi, na vumbi lake ni sumu. Na usigundishe ubao wa katikati kwenye fremu yake. Unakaa huru ndani ya mfereji uliochongwa kwenye fremu kwa sababu hunywea na kutanuka. Ukiubana, unapasuka katikati.