Kupanga mandhari ya nyumba iliyo msituni bila kuudhuru msitu

Swali
Wanajukwaa, habari zenu. Nyumba yangu imezungukwa na miti mikubwa, kwenye mteremko mdogo. Fundi wa bustani ameshauri tuondoe majani yote yaliyoanguka, tumwage udongo wa kusawazisha ardhi chini ya miti, tupande nyasi, kisha tujenge njia ya zege. Nasita, kwa kuwa miti hii ndiyo iliyonivuta kuishi hapa. Zaidi ya hayo, maji ya mvua kutoka kwenye paa yameanza kuchimba korongo nyuma ya jiko. Nianzie wapi?

Jibu la kwanza
Ndugu, una haki ya kusita, na nakusihi usikubali udongo huo umwagwe. Wengi hudhani kwamba mizizi hushuka chini kwa kadiri shina lilivyopanda juu, ilhali mingi ya ile inayofyonza maji na virutubisho imo katika sentimita 60 za juu, nayo hutambaa hadi kupita ncha za matawi. Mizizi hiyo huhitaji hewa. Ikifunikwa kwa tabaka nene la udongo, au lori likipita juu yake na kuishindilia ardhi, mti hudhoofika polepole, na kwa kuwa dalili huweza kuchelewa miaka kadhaa, matawi ya juu yanapokauka hakuna anayekumbuka chanzo. Kabla ya kazi yoyote, zungushia uzio wa muda eneo lote lililo chini ya matawi.

Majani nayo yaache. Yafukue kidogo kwa mkono utaona: juu yapo mazima, chini yake yamelainika na kushikwa na nyuzi nyeupe za kuvu, na chini zaidi yamekwisha kuwa udongo mweusi. Hiyo ndiyo mbolea ya miti yako. Nyasi za bustani, kwa vyovyote vile, hazistawi kwenye kivuli kizito. Afadhali mimea ya asili ya msitu huohuo.

Jibu la pili
Naafiki, ila majani yasifike ukutani. Moto wa msituni mara nyingi huingia nyumbani kwa cheche zinazotua kwenye majani makavu yaliyorundikana kando ya ukuta au kwenye mifereji ya paa. Ukanda wa mita 1.5 kuizunguka nyumba uwe wa changarawe tupu, na kuni zihifadhiwe mbali.

Jibu la tatu
Kuhusu korongo: milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ya paa ni lita moja ya maji. Paa la mita 100 za mraba, mvua ikinyesha milimita 20, humwaga lita 2,000, na zikitokea mahali pamoja ni lazima zichimbe. Kinga maji hayo kwenye tangi, na yanayofurika yaelekeze kwenye mtaro wa kina kifupi unaofuata kontua, yaani mstari wa usawa unaokingama na mteremko, mbali na msingi wa nyumba na nje ya eneo la mizizi, yatuame humo hadi ardhi iyanywe. Njia nayo iwe ya vibanzi vya mbao vilivyotandazwa juu ya ardhi bila kuchimba.

Mwuliza swali
Nawashukuru sana, udongo hautamwagwa. Upo pia mti uliokufa upande wa chini. Niukate?

Jibu la kwanza
Ukate iwapo unaweza kuangukia nyumba au njia. Vinginevyo uache umesimama, kwa maana vigogota hutoboa viota humo, na mashimo wanayoyaacha hukaliwa na ndege wengine na popo. Hata ukiukata, usilichome gogo. Lilaze kukingama na mteremko, lipunguze kasi ya maji huku likioza.