Naomba ushauri: mbawakawa wangu wamelala, nitawaamshaje watage?

Wakuu, habari zenu. Nafuga mbawakawa wa viazi wa Colorado kwa utafiti. Niliwaweka kwenye mwanga wa saa 10 kwa siku. Wakala majani siku chache, kisha wakajichimbia kwenye udongo na kutulia kimya.

Nilipasua jike mmoja chini ya hadubini: ovari nyembamba kama nyuzi, hazina hata yai moja, misuli ya kurukia imesinyaa, na tumbo limejaa mafuta meupe. Nilisikitika, ila ni jambo la kustaajabisha. Siku fupi huzifanya tezi zilizo nyuma ya ubongo zipunguze homoni ya ujana, na bila homoni hiyo kiini cha yai hakitengenezwi.

Nafikiria kuwapaka metopreni, dawa inayoiga homoni hiyo. Hofu yangu ni kwamba mwanga ukibaki mfupi watataga kidogo tu, halafu warudi kulala.

Aliyewahi kufanya hivi, nianze na mwanga wa saa 18 au dawa kwanza? Au niwaweke kwanza kwenye baridi kwa miezi kadhaa, kama wanavyopitisha majira ya baridi ardhini? Nitashukuru sana.