Vijiji viwili, lambo moja: tuanzie wapi?

Mtendaji_Nyikani: Wakuu, salaam. Vijiji viwili huku wilayani Kiteto, Tanzania, vinatumia lambo moja na malisho mamoja. Mashamba yameminya njia ya mifugo hadi imebaki uchochoro. Wenyeviti wote wamekubali kukaa pamoja. Waanze na mpaka au na lambo?

Kamba_na_Kigingi: Lambo. Mkianza na mpaka, kikao kitavunjika siku hiyo hiyo. Undeni kamati moja, wajumbe sawa kila kijiji, wakulima na wafugaji mle ndani, na akina mama wanaoteka maji hapo. Ramani ya kwanza ichorwe ardhini kwa vijiti na majivu: maji, mapito, mashamba, chumvi ya mifugo. Ndipo mtembee na GPS, kile kifaa cha kupima mahali kwa satelaiti. Mkipima kiangazi tu, mapito ya masika yatawaponyoka, na mazao huliwa masika.

BiKanuni: Kifungu cha 11 cha Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya 1999, kinaruhusu makubaliano ya matumizi ya pamoja. Kinachoponza wengi ni wenyeviti kusaini wenyewe ofisini. Kila kijiji kiitishe mkutano mkuu wake. Muhtasari na orodha ya mahudhurio viambatishwe. Baraza la ardhi la kijiji (watu 7, wanawake 3) kazi yake ni kusuluhisha, halihukumu wala haligawi ardhi.

Kamba_na_Kigingi: Mfano mnao hapo hapo Kiteto: Olengapa, malisho ya pamoja ya vijiji vya Olkitikiti, Lerug na Ngapapa, jina limeunganishwa kutoka hayo matatu. Wafugaji walisajili chama, malisho yakapatiwa hati za hakimiliki ya kimila. Pasipo hati, uongozi ukibadilika tu mtakuta shamba jipya katikati ya njia.

Mtendaji_Nyikani: Na waliokwisha kulima ndani ya njia?

BiKanuni: Wavune kwanza. Kuwaondoa mazao yakiwa shambani ni kuwasha moto upya. Orodhesheni kila mmoja, ukubwa wa shamba, na nani alimgawia. Swali hilo la mwisho liulizwe na kamati nzima, maana mara nyingi jibu limekaa meza kuu. Halafu eneo mbadala litajwe kwenye makubaliano yenyewe, msiliache kwa ahadi ya mdomo. Wafugaji wapita njia nao wawekewe utaratibu: taarifa kwa mtendaji wa kijiji kabla ya kunywesha. Uandikwe kama sheria ndogo na upelekwe halmashauri ya wilaya uidhinishwe, la sivyo faini zenu hazitakuwa na nguvu.