Stesheni kuu ya Leipzig: kwa nini milango mikuu miwili?

Mjukuu wa Gadi, Chumbageni
Shikamooni wazee wa reli. Mdogo wangu anasoma Leipzig, Ujerumani, jana kanitumia picha za stesheni kuu ya kule. Uso wake una karibu mita 300, na milango mikuu miwili iliyofanana kama mapacha, kila mmoja una ukumbi wake na ngazi zake pana. Yeye anasema ni urembo. Mimi sikubali, mtu hajengi nyumba mara mbili kwa urembo. Babu yangu alikuwa gadi wa treni hapa Tanga, angekuwa hai ningemuuliza yeye.

Mzee wa Mataruma
Marahaba mwanangu. Umeona sawasawa. Leipzig ilikuwa mji wa ufalme wa Saksonia, lakini baadhi ya reli zilizoingia pale zilikuwa za ufalme jirani wa Prussia. Ujerumani iliungana 1871, ila reli kila ufalme ulibaki na zake. Walipokubali kuziacha stesheni za zamani na kujenga moja, kila mmoja alitaka mlango wake. Magharibi Prussia, mashariki Saksonia. Njia zilikuwa 26, kila upande 13! Jiwe la msingi liliwekwa 1909, jengo likakamilika Desemba 1915, vita vimepamba moto.

Reli yetu hii ya Tanga ilianza kujengwa 1893. Ilipofika Moshi 1911, Leipzig bado mafundi walikuwa wanajenga. Nimekagua njia ya Korogwe miaka 22, nikigonga taruma, yaani boriti zinazobeba reli, moja moja kwa nyundo na kusikiliza mlio, na hilo huwa nalikumbuka kwa fahari.

Wa Makorora
Mzee, vita vya pili haikuguswa?

Mzee wa Mataruma
Iliguswa vibaya. Tarehe 7 Julai 1944 ndege za Marekani ziliipiga bomu, upande wa magharibi ukaumia sana. Matengenezo yalimalizika 1965. Reli zote ziliishia pale, treni inaingia kwa kichwa na kutoka kwa mkia, kama hapa Tanga. Mwaka 2013 ndipo walipofungua njia ya chini ya ardhi, sasa treni za abiria wa karibu zinapita moja kwa moja chini ya jiji.

Mjukuu wa Gadi, Chumbageni
Ahsante sana mzee wangu. Nimemwambia kesho asimame kati ya njia ya 13 na ya 14, anipigie picha ya pale palipokuwa mpaka.