Pawa saplai imekufa, nisaidieni kujua hivi vidude vya ndani ni nini

jaribu_tena:
Wakuu habari zenu. Nina pawa saplai ya volti 12 ampia 5, jana nimechomeka tu ikalia paa! na taa ya ukutani ikapepesa. Nimeifungua, fyuzi ya kioo ndani nyeusi tii, halafu pembeni yake kuna visahani viwili, cha bluu kimeandikwa 10D471K hicho kizima, cha kijani kimepasuka katikati kimebaki na 5D-9. Mi najua visahani vyote ni kapasita sasa mbona nikitafuta kapasita ya 5D-9 sipati kitu? Na kuna kidude cha miguu mitatu kimefungwa kwenye bati la kupoozea, kimetoboka usoni namba haisomeki.

FundiKimya:
Kabla ya yote, lile kapasita kubwa la volti 400 umelipima? Umeme wa 230 ukishapita kwenye daiodi unafika kama volti 325 DC, na chaji inaweza kubaki humo hata plagi ukichomoa. Litoe chaji kwa rezista ya wati 5, kiloohm 2 hivi. Usitumie bisibisi, yangu ina pengo mpaka leo.

Haya, hicho cha kijani sio kapasita, ni thamista: ohm 5 ikiwa baridi, upana milimita 9, kazi yake kupunguza ule mkupuo wa kwanza ukiwasha. Cha bluu ni varista ya volti 470, kinga ya umeme ukizidi. Usiangalie umbo, futa masizi usome herufi kwenye bodi.

jaribu_tena:
Duh kweli mkuu, nimefuta naona NTC1 kwenye thamista na RV1 kwenye varista. Kile cha miguu mitatu ni Q1. Kapasita nimepima halina kitu.

waya_mwekundu:
Q1 hapo ni mosfeti, transista inayowasha na kuzima umeme kwa kasi, na fyuzi ikiwa nyeusi hivyo mara nyingi ni shoti ya upande wa umeme mkubwa. Itoe kwenye bodi, weka mita kwenye mlio, pima kati ya miguu yake ya drein na sosi, ikilia pii imekwenda. Halafu fuata njia ya sosi utakuta karezista ka ohm chini ya moja, nako huwa kanaungua.

jaribu_tena:
Imelia pii! Na hako karezista, R8, kameungua hadi rangi zimepotea, sasa thamani yake nitaijuaje?

FundiKimya:
Soma namba ya U1, hiyo IC ndogo inayoendesha mosfeti, tafuta datashiti yake. Humo kuna mchoro wa mfano, utapata pa kuanzia kwa R8 na Q1. Ila Q1 ikifa kwa shoti huwa inaondoka na U1, mi nabadilisha Q1, U1 na R8 pamoja. Ukimaliza usichomeke moja kwa moja, pitisha umeme kwanza kwenye balbu ya wati 60 ya waya iliyofungwa kwa mfululizo, balbu ikiwaka kwa nguvu bila kufifia chomoa, shoti bado ipo.

jaribu_tena:
Sawa bosi. U1 nayo ina ufa 😭

waya_mwekundu:
Hahaa pole, kama namba ya U1 haisomeki nunua pawa saplai nyingine, hii ibaki ya kutolea spea.